Homa baada ya likizo: hesabu siku kwanza

SWALI

Habari daktari. Tunaishi Moshi na watoto wetu wawili, wa miaka 9 na miaka 3. Desemba tulipanga kwenda Mwanza, tuvuke hadi Ukerewe kwa bibi yao, na wakati wa kurudi tupite Serengeti kwa lango la Ndabaka ili watoto waone wanyama. Tulifika Mwanza tarehe 20 jioni. Usiku huohuo mdogo akaanza kutapika, kulipokucha akaharisha. Kila tulichompa kilirudi: maji ya glukosi, soda, hata ORS, ile dawa ya chumvi na sukari ya pakiti. Tukaiacha meli ya Nansio, tukakaa nyumba ya wageni siku tatu. Tarehe 22 baba yao naye akaanza kuharisha, na mkubwa akatapika. Mume wangu analaumu samaki tuliokula Mwanza, mimi nalaumu chipsi za stendi. Mdogo alipopata nafuu tulivuka, watoto wakaogelea ziwani kila siku, ila Serengeti tuliifuta na pesa ya malazi haikurudi. Tulirudi Moshi tarehe 30.

Leo ni tarehe 9 Januari. Mkubwa ana homa tangu juzi, kichwa kinamuuma, jioni anatetemeka. Duka la dawa wamempa amoksilini na dawa ya kushusha homa, wakasema ni uchovu wa safari, maana huku kwetu malaria hakuna. Je, ni ugonjwa uleule umerudi? Mtoto anayetapika kila kitu anapewaje ORS? Na je, tulikosea kuahirisha safari, au tulikosea kuendelea nayo?

Mama wa watoto wawili, Moshi

JIBU

Mama, kuhusu homa nilikupigia siku ileile barua yako iliponifikia, kwa sababu jambo lile lilikuwa halingojei. Kwa ruhusa yako nalieleza hapa pia, kwa ajili ya wazazi wengine ambao watoto wao wamerudi kutoka likizo mwezi huu na wameanza kuchemka.

Mtoto anayeishi Moshi, aliyelala Mwanza na Ukerewe kati ya tarehe 20 na 30 Desemba, akapata homa tarehe 7 Januari, ana malaria mpaka kipimo kikatae. Vimelea vya malaria aina ya falsiparamu, ambavyo ndivyo vinavyoongoza nchini kwetu, huchukua kwa kawaida siku 7 hadi 14 tangu mbu aume mpaka homa ianze, na mara nyingine hukawia zaidi. Siku hizo zote mtoto anacheza, anakula, anarudi shuleni. Hesabu ya kwako: mbu wa usiku wa kwanza alikuwa na siku 18 nyuma yake homa ilipoanza, mbu wa usiku wa mwisho siku 8 hivi. Safari yenu yote imeangukia ndani ya muda huo.

Huyo wa duka la dawa hakukosea kusema kwamba Kilimanjaro ina malaria kidogo. Ni kati ya mikoa yenye malaria kidogo kabisa nchini, pamoja na Arusha. Ila homa ya mtoto haipimwi kwa mahali alipo leo. Inapimwa kwa mahali alipolala wiki mbili au tatu zilizopita. Na mtoto aliyekulia Moshi yuko katika hatari kubwa kuliko binamu yake wa Ukerewe aliyeng'atwa na mbu walewale. Yule wa Ukerewe ameshaugua mara kadhaa na mwili wake umejijengea kinga kiasi, wakati wa kwako anakutana na vimelea hivi kama mgeni kabisa, na ugonjwa unaweza kumpanda kwa kasi. Ndiyo maana naumia kila nikisikia mtoto wa ukanda wa baridi amekaa na homa siku tatu akinywa amoksilini. Amoksilini haitibu malaria. Kinachofanyika ni siku kupotea, na dawa ya homa kuwatuliza wazazi kwa saa chache huku ugonjwa ukiendelea.

Kwa hiyo ukifika kituo cha afya, kabla hata ya kueleza homa, sema: “Tulikuwa Ukerewe, tumerudi tarehe 30.” Sentensi hiyo moja humbadilishia mhudumu mawazo yote. Omba kipimo cha haraka cha malaria, kile cha tone la damu ya kidole, ambacho majibu yake hutoka ndani ya dakika 15 hadi 20. Kikionyesha hakuna na homa ikaendelea, rudia kesho yake, safari hii kwa damu inayosomwa kwenye hadubini. Mwanzoni vimelea vinaweza kuwa vichache mno kuonekana.

Majibu ya mtoto wako yalionyesha ana malaria, na ameanza dawa mseto, ALu. Kwa kilo zake 27 anameza vidonge vitatu kwa dozi moja, dozi sita kwa siku tatu, jumla vidonge 18. Dozi ya pili inafuata saa 8 baada ya ile ya kwanza, zilizobaki ni asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Watu wengi wanakosea hiyo ya pili: wanaanza jioni, mtoto analala, wanaona huruma kumwamsha. Mwamshe. Kwa kila dozi mpe kitu chenye mafuta, kikombe cha maziwa kinatosha, kwa sababu lumefantrini iliyomo hufyonzwa vizuri zaidi pamoja na mafuta. Akitapika ndani ya nusu saa, rudia dozi ile, kisha nenda ukaongezewe vidonge ili visipungue mwishoni. Usikatishe siku ya pili eti kwa kuwa homa imeshuka.

Akipata degedege, akilegea asiamke vizuri, akishindwa kunywa, akitapika kila dozi, akihema kwa shida au mkojo ukiwa mweusi kama soda ya kola, huo si ugonjwa wa vidonge tena. Anahitaji sindano ya atesuneti hospitalini, usiku huohuo. Jambo jingine: usimrudishe kwenye kipimo cha haraka wiki ijayo ili “kuhakikisha imeisha”. Kipimo kile hunasa protini ya vimelea inayobaki kwenye damu kwa wiki kadhaa hata baada ya kupona. Kitasema ndiyo, na mtoto atapewa dawa tena bila sababu. Kama homa haijaisha ndani ya siku tatu au imerudi, damu isomwe kwenye hadubini.

Sasa turudi Mwanza, kwenye usiku ule wa kutapika. Hesabu ya siku inasaidia huko pia. Mtoto alianza usiku wa kufika, kwa hiyo malaria ya Mwanza haihusiki hata kidogo. Baba na kaka wakafuata baada ya siku mbili hivi. Mfuatano huo, mmoja kisha wengine ndani ya nyumba ileile, ni tabia ya virusi vya tumbo, kama rota na noro, ambavyo huchukua kati ya nusu siku na siku tatu kujitokeza na huenea kwa mikono. Chakula chenye sumu kingewaangusha waliokila kwa pamoja, mara nyingi ndani ya saa chache. Samaki wa Mwanza namwachia huru, na chipsi za stendi siwezi kuzihukumu kwa uhakika. Kuna uwezekano mkubwa kwamba mdogo alipanda basi Moshi akiwa tayari na kirusi tumboni. Kwa safari ijayo: dawa ya kupaka mikononi yenye spiriti haiviui vizuri baadhi ya virusi hivi vya tumbo, hasa noro. Beba kipande cha sabuni, mnawe kwa maji yanayotiririka baada ya choo na baada ya kubadilisha pampasi.

Umeniuliza ORS inapewaje kwa mtoto anayetapika kila kitu. Hapa nakuomba usome taratibu, kwa kuwa hapa ndipo watoto wanapookolewa.

Ukuta wa utumbo una mlango ambao chumvi na sukari hupita pamoja, na zikipita huvuta maji nyuma yake. Mlango huo unaendelea kufanya kazi hata utumbo ukiwa mgonjwa wa kuharisha. Lakini unataka vipimo: Shirika la Afya Duniani lilipunguza chumvi na sukari ya ORS mwaka 2002 baada ya kuona mchanganyiko mwepesi zaidi unapunguza kutapika na kuhara. Glukosi ya kopo peke yake haina chumvi. Soda ina sukari nyingi kiasi kwamba inayavuta maji kutoka mwilini kuyarudisha tumboni, na kuhara kunazidi. Kwa hiyo katika vitu vitatu mlivyompa, viwili vilikuwa vinabomoa kile cha tatu kinachojenga.

Tazama pia pakiti yenyewe. Ziko za lita moja na ziko za nusu lita, na maandishi ni madogo. Anayemimina pakiti ya lita moja ndani ya chupa ya maji ya nusu lita anatengeneza chumvi maradufu, na chumvi iliyozidi kwenye damu ya mtoto mdogo inaweza kuleta degedege. Mimina pakiti yote kwa mara moja, kwa kipimo chake kamili cha maji safi. Usikadirie nusu pakiti kwenye kikombe. Yaliyobaki baada ya saa 24 mwaga, tengeneza mapya. Kama pakiti hazipatikani kabisa, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, vitamvusha mpaka ufike dukani.

Kisha kumpa. Mtoto mwenye kiu akipewa kikombe atakipiga chote na atakirudisha chote, na hapo wazazi huamua kwamba ORS imekataa. Akitapika, subiri dakika 10. Halafu chukua kijiko cha chai, mililita 5, mpe kimoja, tazama saa, mpe kingine baada ya dakika moja au mbili. Inachosha, hasa saa tisa za usiku kwenye chumba cha wageni, na inabidi baba na mama wapokezane. Lakini kijiko kimoja kila dakika ni mililita 300 kwa saa. Mtoto wa kilo 13 aliyepungukiwa maji kiasi anahitaji karibu lita moja kwa saa nne, yaani mililita 75 kwa kila kilo. Kijiko hicho kidogo kinafika huko bila dripu. Baada ya hapo, kila anapohara, mtoto wa umri wake anywe mililita 100 hadi 200, na aendelee kula chakula chake cha kawaida.

Ongeza zinki, miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, hata kuhara kukiwa kumekoma, kwa sababu inafupisha ugonjwa na kupunguza uwezekano wa kuhara tena miezi inayofuata. Dawa za kufunga tumbo kama lopiramidi asipewe mtoto. Antibayotiki ina nafasi yake, mfano kukiwa na damu kwenye choo, na hapo daktari ndiye anayeamua.

Kuhusu kuahirisha: hamkukosea. Meli ya Nansio inachukua takriban saa tatu, na huwezi kuteremka katikati ya ziwa. Siku ya kuamua, mimi naangalia kama mtoto amekaa saa kadhaa akinywa bila kutapika, amekojoa ndani ya saa 6 hadi 8 zilizopita, analia kwa machozi, anataka kucheza. Bana ngozi ya tumbo lake taratibu na uiachie: ikirudi papo hapo, vizuri. Ikirudi polepole, macho yakiwa yameingia ndani, au mtoto amelegea, safari yake ni ya kwenda hospitali. Mlivuka akiwa amepata nafuu, mkaenda Nansio ambako hospitali ipo. Ulikuwa uamuzi mzuri. Serengeti ni habari nyingine. Kutoka Ndabaka hadi Seronera ni zaidi ya kilomita 100 za barabara ya vumbi, na familia iliyotoka kuharisha wiki ileile haina sababu ya kujiweka huko. Najua pesa ya malazi inauma. Mkipanga tena, tafuteni malazi yanayokubali kubadilisha tarehe, hata kama ni ghali kidogo, na iwekeni hifadhi mwisho wa safari kama mlivyofanya.

Limebaki ziwa, ambalo hukuliuliza. Watoto waliogelea Ukerewe, na fukwe za Ziwa Victoria zina kichocho cha tumbo. Minyoo yake hupenya ngozi ikiwa ndani ya maji, bila kidonda. Usikimbilie dawa sasa: prazikwanteli huua minyoo iliyokomaa, na michanga hunusurika. Kupima choo mapema nako hakusaidii, kwa sababu mayai hayajaanza kutoka. Mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, wapeleke wote walioingia majini, pamoja na baba yao kama aliogelea, wapimwe choo, na watakaokutwa nacho wapewe dawa kwa uzito, miligramu 40 kwa kila kilo. Kabla ya hapo, yeyote kati yao akipata homa mpya, kikohozi kikavu na vipele vya kuwasha, rudi hospitali, pima malaria tena kwa hadubini, na utaje ziwa.