Bahasha yako unampa nani? Maswali yenu kuhusu VPN

Leo safu yote nimeiachia VPN, ile programu inayosemwa kukuficha mtandaoni, maana mwaka huu hakuna jambo mliloniuliza zaidi ya hilo. Majina nimeyaacha, nimebakiza miji tu. Kwa mada hii nadhani mtanielewa.

Asalaam aleikum. Mwanangu kaniwekea VPN kwenye simu, anasema sasa hakuna anayeniona. Ni kweli? Na itanikinga na matapeli wa pesa za simu? (Bi mmoja, Unguja)

Waaleikum salaam, bi. Mwanao ana nia njema, ila kakupa nusu ya habari.

Chukulia unapeleka barua Dar, unampa baharia wa boti. Bahasha umeigundisha, kwa hiyo ya ndani hayaoni. Lakini jina na mtaa vilivyoandikwa juu anavisoma. Akikubebea kila siku atajua: Jumatatu bi kaandikia hospitali, Jumanne benki, Jumatano wakili. Baharia huyo ndiye kampuni yako ya simu, na wewe anakujua vizuri, maana laini umeisajili kwa alama za vidole. Ile gundi ni kufuli unayoiona juu ya tovuti nyingi siku hizi.

VPN ni kuitia bahasha yako ndani ya bahasha kubwa iliyoandikwa jina la mpwa wako wa Kariakoo. Baharia sasa anaona kitu kimoja tu: bi anamwandikia mpwa. Mpwa, yaani kampuni ya VPN, anaipokea, anafungua ile kubwa, anaipeleka ndogo inakokwenda. Anayeipokea naye anaona imetoka Kariakoo, hajui habari za Unguja.

Umeona kilichotokea? Baharia hajui tena, lakini mpwa anajua yote. Kuonekana hakukuisha, kumehamia kwa mtu mwingine. Ndiyo maana kila mtu akiniuliza kuhusu VPN nami humuuliza: huyo mpwa umemtoa wapi?

Kuhusu matapeli, hapana. Anayekupigia akijifanya huduma kwa wateja na kukuomba namba ya siri hazuiliwi na VPN yoyote duniani. Na ukiingia Facebook au Google kwa jina lako, wanakujua ni wewe, VPN iwe imewashwa au imezimwa.

Nimeona matangazo ya VPN zaidi ya kumi, zote zinasema hazihifadhi kumbukumbu. Nichague ipi, na ya bure inafaa? (Nairobi)

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapoumia.

Maneno "hatuhifadhi kumbukumbu", yaani hatuandiki ulikotembelea na lini, hayagharimu chochote kuyaandika. Mwaka 2017 PureVPN ilikuwa inajitangaza hivyohivyo, kisha hati za FBI katika kesi moja ya Marekani zikaonyesha kwamba kampuni hiyo ilitoa kumbukumbu zilizosaidia kumpata mtuhumiwa. Yule mtu alikuwa akimtesa mwanamke mtandaoni, simlilii hata kidogo. Ninachokitazama ni ahadi: walisema hawana, kumbe walikuwa nazo.

Sasa linganisha na Mullvad ya Sweden. Tarehe 18 Aprili 2023 polisi walifika ofisini kwao Gothenburg na hati ya upekuzi wakitaka kompyuta zenye taarifa za wateja. Wakaelezwa kwamba taarifa hizo hazipo, wakaondoka mikono mitupu. Mullvad haikuulizi jina wala barua pepe. Inakupa namba ya tarakimu 16 na hiyo ndiyo akaunti yako. Bei ni euro 5 kwa mwezi, mwezi mmoja au kumi na miwili ni ileile. Mtu asiyekujua hana cha kukutaja.

Za bure ndizo zinazonitia hofu. Mwaka 2016 watafiti, wakiwemo wa CSIRO, taasisi ya utafiti ya Australia, walichunguza programu 283 za VPN za Android. Asilimia 38 zilikuwa na dalili za programu hasidi, asilimia 75 zilibeba vifuatiliaji vya kampuni nyingine, na asilimia 18 hazikusimba chochote. Yaani bahasha kubwa ilikuwa wazi, na watu wakaamini wamefunikwa.

Facebook yenyewe ilinunua Onavo mwaka 2013, ikawapa watu VPN ya bure kwa jina la ulinzi, kumbe inakusanya taarifa za programu nyingine wanazotumia. Apple iliilazimisha itoke kwenye duka lake Agosti 2018. Kisha Mei 2024 Wizara ya Sheria ya Marekani ikatangaza kuuvunja mtandao ulioitwa 911 S5. Programu za bure kama MaskVPN na DewVPN zilikuwa zinageuza vifaa vya watu kuwa mlango wa wahalifu. Anwani za IP, yaani namba zinazotambulisha vifaa mtandaoni, zaidi ya milioni 19, karibu nchi 200. Mwizi anaiba kwa jina la intaneti yako, na wewe umelala.

Kwa hiyo, ukiwa na uwezo wa kulipa, Mullvad au Proton VPN. Kadi ya M-Pesa GlobalPay ya Visa inatosha kwa malipo ya nje. Usipokuwa na uwezo, Proton VPN ina kiwango cha bure kisicho na kikomo cha data. Unatumia kifaa kimoja, nchi ya seva (kompyuta ya kampuni unayopitia) huchagui wewe, na mwendo ni wa wastani, lakini gharama yako inalipwa na wateja wa kulipia, na msimbo wa programu zao uko wazi kwa yeyote kuukagua. Hiyo ndiyo ya bure ninayowawekea ndugu zangu.

Kuna ofa za "maisha yote" kwa malipo ya mara moja. Ziache. Seva zinalipiwa kila mwezi. Pesa ya mara moja ikiisha, watatafuta cha kuuza, na walicho nacho ni taarifa zako.

Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa chuo. Kwenye kundi letu la WhatsApp wanagawa mafaili ya HA Tunnel, ukiweka unapata intaneti bila bando. Hiyo nayo ni VPN salama? (Mwanza)

Marahaba, mwanangu. Najua bando linavyomsumbua mwanafunzi, kwa hiyo sitakugombeza.

Faili hilo lina mambo mawili. La kwanza ni ujanja wa kuufanya mtandao wa simu uamini kwamba unatembelea tovuti isiyokatwa bando. La pili ni anwani ya seva ambayo mawasiliano yako yote yanapitia. Sasa nijibu: seva hiyo ya nani? Hujui. Hata ukitaka kujua huwezi, kwa sababu aliyelitengeneza amelifunga lisisomeke. Aliyekutumia naye kalitoa Telegram kwa mtu asiyemjua.

Nitakuambia kwa nini jambo hili linanigusa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 niliendesha kafe ya intaneti Tanga. Kompyuta zote zilipitia moja iliyokuwa nyuma ya kaunta. Siku moja niliweka programu ya kuchunguza kwa nini mtandao unakwenda polepole, na mbele ya macho yangu zikaanza kupita barua pepe za wateja pamoja na nywila zao, herufi kwa herufi. Mama mmoja alikuwa anamwandikia mwanawe aliyekuwa gerezani. Nilizima programu ile, lakini nilielewa tangu siku hiyo: aliyeshika mlango anaona, na mteja hana njia ya kujua kama ameangalia au amegeuza uso.

Leo tovuti nyingi zina ile gundi niliyomweleza bi wa Unguja, kwa hiyo mwenye seva yako hataona nywila kirahisi. Ila ataona unakokwenda, saa ngapi, mara ngapi. Na anaweza kukupeleka kwenye ukurasa bandia unaofanana na wa benki ukiwa haraka haraka. Juu ya hayo, kukwepa malipo ya mtandao kunaweza kukufungia laini.

Tumia Wi-Fi ya chuo pamoja na ile ya bure ya Proton. Faili lifute, kisha badilisha nywila za barua pepe na za benki.

Facebook hapa imefungwa tangu uchaguzi wa 2021 na VPN tumeizoea kama chumvi, lakini naona yangu inakatika ovyo. Niiweke vipi ikae sawa? (Kampala)

Ninyi ndio wazoefu wetu. Tangu Julai 2018, mlipotozwa shilingi 200 kwa siku kutumia mitandao ya kijamii, wengi wenu mlijifunza VPN kabla ya sisi majirani.

Anza kwa kuifuta uliyo nayo kama hujui ya nani. Pakua mpya kutoka Play Store na utazame jina la mtengenezaji chini ya jina la programu. Proton VPN iandikwe Proton AG, Mullvad iandikwe Mullvad VPN. Nembo inaigwa kirahisi. Ukiiwasha mara ya kwanza simu itaomba ruhusa ya kuunda muunganisho. Kubali, na kialama cha ufunguo kitatokea juu ya kioo.

Kwenye itifaki, yaani njia ambayo VPN inatumia kufunga na kusafirisha mawasiliano, chagua WireGuard. Msimbo wake ni mfupi, karibu mistari 4,000, kwa hiyo wakaguzi wameweza kuusoma wote, na haunyonyi betri sana. Ukikuta programu inayokupa PPTP peke yake, ondoka hapo. Ni ya miaka ya tisini na kufuli yake ilishavunjwa zamani.

Sasa dawa ya kukatika ovyo. VPN ikidondoka kwa sekunde kumi, simu inaendelea na mtandao wa kawaida bila kukuambia, na sekunde hizo kumi ndizo zinazokuanika. Ingia kwenye mipangilio ya simu yenyewe, sehemu ya mtandao, kisha VPN. Gusa kialama cha gia kando ya jina la VPN yako. Washa kipengele cha kuiacha iwake wakati wote, na kile cha chini yake kinachozuia mawasiliano yoyote yasiyopita kwenye VPN. Ikidondoka, intaneti yote inasimama hadi irudi. Pia ondoa programu hiyo kwenye orodha ya zinazobanwa ili kutunza betri. Mara nyingi hicho ndicho kinachoiua, hasa kwenye simu za bei nafuu.

Mwisho pima. Fungua dnsleaktest.com VPN ikiwa imezimwa, uone jina la kampuni yako ya simu. Washa, pima tena. Jina hilo likitokea tena hata mara moja, VPN yako inavuja.

TCRA walisema VPN ni kosa. Nikiweka nitafungwa? (Dar es Salaam)

Tangazo la TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, la Oktoba 2023 liliwataka wanaotumia VPN kujitambulisha kwa mamlaka hiyo kabla ya tarehe 30 ya mwezi ule. Msingi wake ni Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2020, zinazokataza teknolojia ya kumwezesha mtu kufikia maudhui yaliyopigwa marufuku. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili.

Mimi naona kanuni hii imekosea, na nalisema wazi. Mhasibu anayeingia kwenye mfumo wa ofisi akiwa nyumbani anatumia VPN. Mwandishi anayelinda chanzo chake anatumia VPN. Kumtaka mtu aorodheshe kufuli za nyumba yake ni kumpunguzia usalama. Lakini maoni yangu hayatakusimamia mahakamani. Kama ni ya kazini, mwajiri aitolee taarifa. Kama ni yako binafsi, zungumza na wakili kabla ya kuamua, na kanuni yenyewe uisome mwenyewe.

Niko Dubai, simu ya WhatsApp hapa haipiti, nami nataka kupiga nyumbani Tanga. VPN itanisaidia? (Dubai)

Kitaalamu pengine, ila sikushauri, ndugu yangu. Sheria ya makosa ya mtandao ya Emirati, namba 34 ya 2021, inamwadhibu anayetumia anwani ya IP isiyo yake kutenda au kuficha kosa, na faini huanzia dirhamu 500,000. Hiyo ni mishahara ya miaka. Tumia programu zilizoidhinishwa kama BOTIM, au wa nyumbani wakutumie ujumbe wa sauti.

VPN inamaliza bando langu la WhatsApp, na programu ya benki inakataa kufunguka. (Mombasa)

Bando la WhatsApp linafanya kazi kwa kuwa mtandao unaitambua WhatsApp. Ukiitia ndani ya bahasha kubwa haitambuliki tena, kwa hiyo unakatwa kwenye bando la kawaida. Benki nayo inaona mteja wa Mombasa anaingia kutoka Uholanzi, inashtuka. Zote mbili zina tiba moja: ndani ya mipangilio ya VPN tafuta sehemu ya kutenga programu, uzitoe hizo mbili zipite njia ya kawaida. Kama uliwasha ule uzuiaji niliomweleza wa Kampala, itabidi uuzime, maana simu haitaruhusu chochote kupita pembeni.

Jambo sana. Wakikata intaneti yote kama mwaka 2019, VPN itafanya nini? (Bukavu)

Haitafanya kitu. VPN inapita ndani ya intaneti; boti isipong'oa nanga, bahasha mbili hazina faida kuliko moja. Ninyi mlikaa karibu siku 20 baada ya uchaguzi wa Desemba 2018, na Tanzania tulionja hayo kuanzia tarehe 29 Oktoba 2025. VPN inasaidia pale tovuti moja moja zinapofungwa, na mara nyingi huanza hivyo kabla ya kukatwa zote, au hubaki hivyo baada ya kurudishwa.

Iweke kabla, kwa sababu siku ya kufungwa tovuti za VPN nazo hufungwa. Weka mbili za watoaji tofauti. Kwenye Proton kuna itifaki iitwayo Stealth inayojificha isitambulike kama VPN. Ijaribu leo ujue ilipo. Namba za simu za ndugu ziandike kwenye karatasi, kwa maana simu za kawaida mara nyingi hubaki hata intaneti ikizimwa. Na mkubaliane mapema nyumbani ni nani atampigia nani kwanza.