Usimlipe huyo muuza simu kabla hujaizungusha

Usilipe. Kama umeshaweka arubuni, karudishiwe leo hii. Akikataa, heri ipotee arubuni kuliko apotee mzee.

Nimesomewa swali lako na simu nikadhani nimeliandika mimi mwenyewe. Mzee wako amepoteza macho kwa presha ya macho, mko Malindi, amechoka kushikwa mkono na wajukuu kila akitaka kwenda msikitini au sokoni, na jamaa wa dukani amekwambia ana simu ya Sh9,500 "ina GPS na inaongea, itamwongoza kila mahali". Kisha ukauliza programu ipi ya ramani ni nzuri, kama kuna ya Kiswahili, betri inakaa muda gani, bando linakwenda kiasi gani, na spika gani za masikioni zinafaa. Maswali ya maana yote, nitayafikia inshallah. Kwanza tumalizane na huyo wa "kila mahali".

Maana maneno hayohayo niliambiwa mimi, tena hukohuko Malindi, na mtu aliyekuwa akinong'ona na mwenzake huku akinihesabia chenji. Mimi ni mtu wa Amu, Lamu hiyo, sioni, simu ninayo muda mrefu na TalkBack, ile programu ya kuisomea skrini kwa sauti, naijua kama kiganja changu. Wala si mshamba wa simu. Ndiyo maana bado inaniuma.

Sikiliza. Simu kuongea si kitu cha kulipia ziada. TalkBack imo kwenye Android tangu 2009, bure. Upande wa iPhone, mwenzake anaitwa VoiceOver, alikuja na iPhone 3GS, mwaka huohuo wa 2009, naye bure. Kwa hiyo akikwambia hii ni "simu maalumu ya wasioona", anakuuzia kitu ambacho kimo hata kwenye simu yako unayosomea hapa. Mimi nilitozwa Sh2,000 za "kuwekewa sauti". Alichofanya ni kubonyeza vitufe viwili vya sauti pamoja, juu na chini, sekunde kama tatu. Elfu mbili! Kwa sekunde tatu! Daktari bingwa hatozi hivyo.

Lakini hizo elfu mbili nimeshamsamehe. Ambalo sijamsamehe ni hili: nilimuuliza waziwazi, "Simu hii itajua nimeelekea wapi?" Akanijibu, "Mzee, GPS ndiyo hiyohiyo dira, ni kitu kimoja." Si kitu kimoja, yakhe! GPS inajua uliposimama. Inasikiliza setelaiti zilizo kilomita 20,200 huko juu, ikizipata angalau nne inapiga hesabu ya mahali ulipo. Uso wako umetazama wapi, haijui na haina habari. Kazi hiyo ni ya kidude kingine kabisa ndani ya simu, sensa ya dira, inayopima sumaku ya dunia. Na simu za bei ya chini ndizo zinazoachwa bila kidude hicho, kwa sababu mwenye macho haoni hasara: anatazama ramani, anatazama barabara, anajipanga mwenyewe. Sisi hatuna hiyo anasa.

Simu isiyo na dira hufanya hivi: ukitembea, inalinganisha ulipokuwa na ulipo sasa, inasema aha, huyu anakwenda upande huu. Ukisimama, inabaki na jibu lile la zamani. Ukigeuka papo hapo uliposimama, haina habari kwamba umegeuka. Itaendelea kukwambia "mbele" ikimaanisha mbele ya ile safari iliyokwisha, na wewe "mbele" yako sasa iko kwingine.

Sasa nisikilize yaliyonipata, uone huo ujinga wa "kila mahali" unakomea wapi.

Nilikuwa Usita wa Pwani, njia ya ukingoni mwa bahari kwetu Amu, natoka gatini kuelekea nyumba ya arusi huko ndani, Mkomani, mtaa ambao sina mazoea nao. Simu mpya sikioni, programu imeshapangwa, mambo yanakwenda vizuri, hata nilianza kujisikia. Akanisimamisha mtu tunayejuana, hujambo sijambo, habari za siku nyingi, watoto, uvuvi, siasa. Unajua mtu akizungumza hasimami kama nguzo. Utamgeukia, utampisha mwenye punda na shehena yake, utageuka tena. Tulipoagana sikujua nimetazama wapi. Si kitu, nina simu ya Malindi! Nikaiuliza. Ikanijibu kwa ile sauti ya utulivu: endelea mbele.

Nikaendelea mbele. Mbele ilikuwa baharini.

Kabla hujaniuliza fimbo ilikuwa wapi: ilikuwa kwapani. Ndiyo, fimbo nyeupe, imekunjwa vizuri, kwapani. Mkono mmoja simu, mwingine mfuko wa zawadi ya bibi arusi. Yule bwana wa dukani alikuwa ameniambia, na mashahidi ninao, "Sasa fimbo ya nini tena, mzee?" Na kabla hujaniambia bahari inasikika: bahari ya Amu upande wa mjini ni mlango tu kati yetu na Manda, haina mawimbi ya kupiga kelele kama hayo yenu ya Malindi. Siku hiyo ilikuwa bamvua, maji yamekupwa, yamekwenda zake mbali. Kilichokuwapo pale ukingoni ni kimya na tope. Na sehemu kubwa ya ukingo ule haina kizuizi chochote.

Nilianguka juu ya tope, nikaukalia mkono wangu wa kushoto, kifundo kikaenda. Mabaharia walinitoa wakicheka na kuomba Mungu kwa wakati mmoja. Simu ilizama topeni huku bado inaongea. Nilisikia kabisa ikiniarifu kwamba nimetoka nje ya njia. Asante sana.

Jumlisha: simu Sh14,000, "kuwekewa sauti" Sh2,000, piga picha ya mfupa, plasta, na arusi nimeikosa, biriani yote. Juu ya hayo kuna jina. Huku kwetu ukianguka baharini kwa kuambiwa na simu, wajukuu wako wataitwa wajukuu wa nani, fikiria mwenyewe.

Niliporudi dukani na mkono shingoni, bwana yule akaniambia simu haina kosa, "ni mtandao wa Lamu". Na yupo mwingine nina kinyongo naye, fundi wa semina aliyetukusanya kwenye ukumbi wenye feni akatuonyesha ramani zinavyoongoza wasioona. Alitumia iPhone ya bei ya shamba, kwenye barabara pana iliyonyooka, akatembea kutoka geti hadi geti, makofi. Hakuna aliyesema simu yenu ninyi haitafanya hivi. Tukatoka tumejaa matumaini, tukaingia madukani.

Basi kanuni yangu ni moja tu, na nitairudia hadi mnichoke: simu usiilipie mpaka umeizungusha.

Kuizungusha ni hivi. Mwambie mzee aende mwenyewe, simu aishike yeye. Bonyeza vitufe viwili vya sauti mpaka TalkBack iamke. Ikigoma, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya ufikivu, uiwashe hapo. Kisha tokeni nje ya duka, barazani, mbali na maspika, pikipiki na mabati, maana chuma na sumaku huipotosha dira hata iliyo nzima. Kama simu ina kava lenye sumaku, vua. Fungua programu ya dira, au ya kibla ukipenda, hapo Malindi hutakosa kijana mwenye nayo. Zungusha simu hewani kama unaandika namba nane, ipate kujirekebisha. Halafu mzee asimame palepale, ageuke polepole mzunguko mzima, aguse skrini kila robo asikie namba za nyuzi zinasema nini. Zikibadilika kila anapogeuka, na akirudi alipoanza zikirudi karibu na zile za mwanzo, sensa ipo. Zikiganda, au programu ikisema simu haina sensa, mrudishie mwenyewe simu yake, mtakie biashara njema. Muuzaji akisema "hiyo itakuja ukiweka bando", ondoka mbio. Dira haili bando, na kama kidude hakimo, hakuna programu itakayokitia.

Picha ya dira kwenye skrini si ushahidi. Zipo programu zinazochora sindano nzuri kwenye simu isiyo na sensa, sindano imetulia kama imekufa, na mwenye macho anakwambia "dira ipo, naiona". Namba zibadilike. Mzee azisikie kwa masikio yake.

Na hata hiyo yenye dira, msiipe uimamu. GPS ya simu, chini ya anga wazi, hukosea kiasi cha mita tano. Mita tano kwenye Lamu Road ya Malindi si neno, utakuwa upande wa pili wa barabara, utauliza. Mita tano Amu ni vichochoro viwili! Kuna njia huku ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili, nyumba za mawe za ghorofa mbili tatu zimebanana, mawimbi ya setelaiti yanagonga ukuta huu yanarukia ule, na ukipita chini ya wikio, chumba cha juu kinachovuka njia kutoka nyumba hii hadi ile, anga lenyewe linatoweka. Hapo simu inaweza kukuweka kwenye kichochoro cha jirani bila haya. Kwa hiyo ndani ya mji mimi simu huitia mfukoni. Natumia kibla: Makka kwetu ni kaskazini, nikitoka msikitini najua nilikuwa nimetazama wapi, basi bahari iko kuliani mwangu na mlima kushotoni. Mitaro nayo huteremka kuelekea baharini, fimbo inakwambia. Mwulize mzee wako, hayo anayajua kuliko simu; miaka yote aliyosali ameshajifunza kaskazini bila kujua kwamba amejifunza. Mkifanya mazoezi, anzeni mlangoni mwa msikiti wenyewe.

Simu inanifaa nikiwa ndani ya chombo kinachokwenda. Basi la Malindi hadi Mokowe, najua tumefika wapi bila kumsumbua utingo. Tuktuk huko kwenu, dereva akianza kunizungusha ili aongeze hesabu, namwambia "bwana, hapa mbona tumeshapita?" Ananyamaza, haamini. Raha ya hapo siwezi kukueleza.

Programu, nikuguse haraka. Lazarillo, imetoka Chile, ya bure, ipo Android na iPhone, inakutajia sehemu unazozipita. OsmAnd inatumia ramani za OpenStreetMap, unapakua ya Kenya mara moja na kutembea bila bando, ila menyu zake ni nyingi, zitamtesa mzee mwanzoni. BlindSquare ni ya iPhone tu na ya kulipia. Soundscape ya Microsoft watu watakutajia, ilifungwa 2023, wakaacha msimbo wazi, wengine wameiendeleza kwa majina mengine. Google Maps walileta maelekezo ya kina ya watembea kwa miguu wasioona 2019, yakaanza kwa Kiingereza Marekani na Kijapani Japani, basi mjue huko ndiko walikokuwa wakituwazia. Zote hizi husema kilichoandikwa kwenye ramani. Duka la mahamri la jirani yako halijaandikwa, halitatajwa, wala mtaro ulio wazi mbele yake. Kiswahili kipo, sauti ya Google ina Kiswahili, ina lafudhi ya mgeni aliyelelewa vizuri.

Masikioni asizibe. Masikio ndiyo macho yake sasa, tuktuk asiposikia ni msiba. Zipo spika zinazokaa kwenye mfupa mbele ya sikio na kuacha tundu wazi. Kama bei inauma, atie spika moja tu, sikio la pili liwe huru. Na fimbo mkononi, chini, ardhini. Si kwapani.

Betri na bando watakujibu wengine, mimi vidole vimechoka na kile kifundo kikipata baridi ya kusi kinaanza kulalamika. Wewe niandikie hapa jina la hiyo simu kamili, na namba zake zote za modeli zilizo kwenye boksi, kabla hujatoa hata shilingi. Nitakuangalizia kama ina sensa. Ndiyo, mimi ndiye wa kukuangalizia, cheka umalize kisha uniandikie.