Kabla hujasaini na mfadhili: kwa mnaoanza kazi ya kemia

Wadogo zangu mnaoingia kwenye kemia mkiwa na ndoto ya kumiliki kiwanda, soma kwanza habari za Nicolas Leblanc.

Leblanc alikuwa daktari wa Duki wa Orléans, mtu wa ukoo wa kifalme Ufaransa. Wakati huo watengenezaji wa sabuni, kioo na nguo walihitaji magadi, na mengi yalinunuliwa Hispania, yakitokana na majivu ya mimea ya pwani. Sisi tunayo Ziwa Magadi. Wao ilibidi wayatengeneze. Leblanc alichukua chumvi ya kawaida, akaitia asidi ya salfuriki ikawa sodiamu salfeti, kisha akaichoma tanurini pamoja na mawe ya chokaa na makaa. Majivu meusi yaliyobaki yalilowekwa majini, na magadi yakapatikana kutoka kwenye maji hayo.

Mwaka 1790 Duki aliahidi livre 200,000 (fedha ya Ufaransa ya wakati huo), na kiwanda kikajengwa Saint-Denis, karibu na Paris. Mwaka 1791 Leblanc akapewa hataza, yaani haki ya pekee juu ya uvumbuzi wake, ya miaka 15. Novemba 1793 wanamapinduzi wakamkata Duki kichwa. Mali zake zilitaifishwa, na kiwanda kikahesabiwa humo humo. Mwaka 1794 serikali, ikiwa vitani na magadi ya nje yamekatika, ikaitangaza njia yake hadharani. Baadaye Napoleon alimrudishia majengo, lakini mtaji wa kuyafufua hakuwa nao. Mwaka 1806 Leblanc alijiua.

Habari hii huniuma kila ninapoifundisha, kwa sababu tanurini hakukosea. Njia ile ile ndiyo iliyomtajirisha James Muspratt, aliyeanza kuitumia Liverpool mwaka 1823. (Mvuke wa asidi uliotoka kwenye viwanda vile uliunguza mimea ya majirani; hilo nalo lisomeni.)

Basi mfadhili akikaa nanyi mezani, ulizeni mitambo itakuwa ya nani siku akifilisika, akifariki au akigombana na serikali. Ulizeni hataza inaandikwa kwa jina la nani, na nani ana haki ya kuitoa fomula. Msione haya. Mfadhili mwenye nia njema atajibu, na majibu yake yaandikwe.

Muspratt alipoona watengenezaji wa sabuni wanayasitasitia magadi yake, aliwagawia bure wayajaribu, mpaka wakawa wateja. Nanyi mkishapata kilo chache za bidhaa yenu, wapelekeeni watakaoitumia kabla hamjaandika ombi la ufadhili.