Maswali na majibu: Mji wa Wootton Bassett na majeneza ya wanajeshi

Wiki hii wasomaji wameuliza kuhusu Wootton Bassett, mji mdogo wa Wiltshire huko Uingereza, uliotunukiwa na Malkia Elizabeth II jina la "Royal" (yaani la kifalme) mwaka 2011 kwa kuwapa heshima wanajeshi waliouawa Iraki na Afghanistan.

Kwa nini mji huo na si London?

Sababu ni njia tu. Aprili 2007 uwanja wa ndege wa kijeshi wa Brize Norton ulianza kukarabatiwa, ndege zilizobeba miili zikahamishiwa Lyneham, kilomita chache kutoka Wootton Bassett. Mtu akiuawa ng'ambo na mwili wake ukarudishwa Uingereza, sheria inataka chanzo cha kifo kichunguzwe. Kwa hiyo majeneza yalipelekwa hospitali ya John Radcliffe, Oxford, na msafara ulipita katikati ya mji, kwenye barabara ya maduka.

Nani aliandaa shughuli yenyewe? Serikali?

Hapana, na kwa maoni yetu hiyo ndiyo siri yake. Walianza wastaafu wachache wa Royal British Legion, chama cha askari wa zamani, waliosimama kando ya barabara msafara ulipopita. Wenye maduka wakatoka, kisha wapita njia, na baadaye watu wakaja kutoka miji mingine.

Utaratibu haukuwa na hotuba wala bendi. Gari la maiti lilipokaribia, kengele nzito ya kanisa la Mtakatifu Bartholomayo iligongwa polepole. Msimamizi wa mazishi alishuka garini akatembea kwa miguu mbele ya msafara. Kwenye mnara wa kumbukumbu magari yalisimama, wastaafu wakainamisha bendera zao hadi chini, na ndugu wakaweka maua juu ya gari lenye jeneza lililofunikwa bendera ya taifa. Baada ya muda mfupi safari ikaendelea. Tarehe 14 Julai 2009 yalipita majeneza manane kwa mpigo.

Wanaotaka kuiga jambo hili kwingine huharibu pale wanapoleta jukwaa na kipaza sauti: mgeni rasmi akichelewa, wafiwa nao wanasubiri. Pale Wootton Bassett kila kitu kilifuata gari la maiti.

Jina la "Royal" linatolewaje, na mji unapata nini?

Mji haujipi jina hilo. Hutolewa na mfalme au malkia kwa hati rasmi. Waziri Mkuu David Cameron alilitangaza Bungeni Machi 2011, na Binti Mfalme Anne akaikabidhi hati hiyo tarehe 16 Oktoba mwaka huohuo. Kabla yake, mji wa mwisho kuongezewa jina hilo ulikuwa Tunbridge Wells, mwaka 1909. Fedha hazimo, mamlaka mapya hayamo. Ni heshima tu, na vibao vipya barabarani.

Misafara bado inapita?

La. Jumla ilikuwa misafara 167, iliyobeba wanajeshi 345. Kuanzia Septemba 2011 ndege zilirudi Brize Norton, na jukumu likaenda mji wa Carterton.

Babu yetu wa Machakos alikuwa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki), akafia Burma, sasa Myanmar, katika Vita vya Pili vya Dunia. Mbona yeye hakurudishwa?

Hata Waingereza wenyewe hawakurudishwa. Jeshi lao lilipiga marufuku kusafirisha miili nyumbani tangu 1915, na baada ya vita vya Falkland kati ya Uingereza na Argentina, 1982, familia ziliweza kuchagua mwili urudishwe. Ndiyo maana kuna makaburi ya kijeshi Taveta, Voi na Dar es Salaam.

Kumtafuta babu, ingieni tovuti ya tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, CWGC, hamlipi kitu. Andikeni jina moja tu kwanza, chagueni Vita vya Pili vya Dunia, kisha kikosi chake, King's African Rifles. Msipompata, badilisheni herufi: makarani waliandika walivyosikia, hivyo Mutua anaweza kuwa Mutuwa, na jina la baba huenda halimo kabisa. Kama mna cheti chake cha utumishi, namba ya jeshi huaminika kuliko jina. Aliyekosa kaburi linalojulikana huko Burma, mtafuteni katika orodha ya Rangoon Memorial, mnara wa kumbukumbu uliomo ndani ya makaburi ya Taukkyan.

Wa Vita vya Kwanza ni kazi ngumu zaidi, hasa wapagazi wa Carrier Corps, kikosi cha wabeba mizigo wa jeshi. Majina ya wengi wao hayakuandikwa kwenye makaburi wala minara ya kumbukumbu, na CWGC yenyewe ilikiri hilo na kuomba radhi mwaka 2021.