Asante inayotaja kazi: nyumba yako wakati wa vuli

Kamusi nyingi zikifika kwenye yale majira ya Ulaya ya majani kupukutika, huandika "vuli" na kuendelea. Kwetu Uganda hakuna kinachopukutika. Vuli yetu ni mvua za pili, zile Waganda (watu wa Buganda) wanazoziita ddumbi. Zinaanza Septemba, jua likivuka ikweta kwenda kusini, na kupungua Desemba. (Ndugu wa Gulu na Lira, kule kaskazini, wana hesabu yao, huko mvua ni msimu mmoja mrefu.) Ndani ya miezi hiyo kuna kupanda maharage, muhula wa tatu na karo yake, mtihani wa darasa la saba, sare zisizokauka, na senene, wale panzi wa kuliwa. Kazi za nyumbani huongezeka, na watu wakichoka asante ndiyo ya kwanza kukauka midomoni.

Dawa inayosambazwa sana ni daftari: kila usiku andika mambo matatu unayoshukuru. Si mbaya, ila katika nyumba yenye watu saba halifiki mbali. Siku ya tano kila mtu ameandika afya, familia na Mungu, na binti aliyeanua sare za wadogo zake mvua ikimnyeshea hajatajwa popote. Shukrani isiyo na jina la kazi haimfikii mtu.

Kiganda kimelitatua jambo hili zamani. Mtu hasemi "weebale" peke yake akanyamaza. Aliyepika anaambiwa weebale kufumba, asante kwa kupika. Dereva anaambiwa weebale kugoba, asante kwa kuendesha. Hata ile "gyebale ko" ya kumsalimia mtu unayempita akilima kando ya njia ni shukrani kwa kazi anayoifanya, ingawa shamba si lako na mavuno hutayaona. Sisi tunaozungumza Kiswahili nyumbani tunaweza kuichukua desturi hiyo kama ilivyo: asante kwa kuteka maji, asante kwa kumsubiri mdogo wako pale stendi.

Ifanye hivi. Shukuru papo hapo, kazi ikiwa bado mbichi. Ukisubiri usiku utakuwa umesahau nusu. Taja kitu kimoja ulichokiona kwa macho: "Asante kwa kuosha masufuria, hata lile lililoungua chini." Sufuria lililoungua ndilo linalomhakikishia mtoto kwamba uliangalia. Kisha nyamaza. Hapa ndipo wazazi wengi wanapoharibu: "Asante mwanangu, sasa kimbia dukani ulete chumvi." Mtoto akisikia hivyo mara kumi, anajua kwamba asante ni mlango wa kutumwa, na siku ya kumi na moja utamwona anaondoka mapema. Acha dakika tano zipite, ndipo uitake hiyo chumvi.

Kuna kazi ambazo asante haizifikii kwa sababu zilifanyika zamani. Poshu (ugali) unayosonga Oktoba ni mahindi ya Julai au Agosti. Kuna mtu aliyeyaanika juu ya turubali, akayakusanya kila wingu lilipotanda, akayaanika tena. Mwite huyo kwa jina siku unapofungua gunia jipya, watoto wakisikia. Halafu kagua kazi yake, kwa sababu mvua za vuli huingiza unyevu hata kwenye mahindi yaliyokauka vizuri.

Kipimo cha nyumbani ni chupa na chumvi. Chukua chupa ya kioo ya nusu lita, kavu kabisa, yenye kifuniko. Tia punje za mahindi mpaka theluthi, kisha vijiko vitatu vya chai vya chumvi. Funga, tikisa kwa dakika mbili au tatu, uiache itulie robo saa. Chumvi ikishuka yote chini, unyevu wa mahindi uko chini ya asilimia 15 na unaweza kuyahifadhi. Ikiganda kwenye kioo, yarudishe juani. Kosa la kawaida ni kutumia chumvi iliyokaa wazi jikoni: msimu huu chumvi yenyewe hunywa maji kutoka hewani, ikaganda kwenye kioo hata kama mahindi hayana neno. Ikaange kwanza kwenye kikaango kikavu, iache ipoe ndipo uitumie. Gunia lisikae sakafuni wala lisiegemee ukuta. Liinue juu ya mbao kiasi cha sentimita 15. Ukiona punje zenye ukungu wa kijani au kijivu, zitupe, usiwape kuku wala mpika pombe. Sumukuvu, sumu ya ukungu huo, haiondoki kwa kupikwa.

Sigiri, jiko la makaa, nayo inahitaji neno moja tu. Baridi ya mvua isikushawishi kuiingiza chumba cha kulala, hata makaa yakionekana yameshakufa, hata dirisha likiwa wazi. Hewa yake ya kaboni monoksidi haina harufu na huua watu wakiwa usingizini. Pikia barazani penye paa.

Nyumba yenye mtoto wa darasa la saba ina vuli yake peke yake. Mtihani wa PLE, ule wa kumaliza shule ya msingi, huja mapema Novemba, siku mbili, masomo manne. Kila somo hupewa alama kutoka 1, iliyo bora, hadi 9, kwa hiyo jumla bora ni 4 na ya mwisho kabisa ni 36. Matokeo hutoka baada ya mwaka mpya. Kwa miezi hiyo miwili ya kungoja, mtoto anaishi bila kujua kama ataitwa shujaa au mvivu, na shangazi wote wanapiga simu kuuliza. Mshukuru kabla ya matokeo, wakati hakuna anayeweza kusema unashukuru alama. Kadi za kutakia heri huuzwa kila duka la vitabu, nyingi zikiwa na maneno tayari kuhusu nyota na ushindi. Nunua iliyo tupu ndani. Andika mistari mitatu isiyohusu kufaulu: "Umeamka saa 11 alfajiri mwaka mzima bila kugongewa mlango. Umemfundisha mdogo wako kugawanya. Chakula chako Alhamisi ni maharage na chapati, ufaulu usifaulu." Hiyo chapati iwepo kweli.

Na wale wanaolipwa? Dada wa kazi, kijana wa shamba, mtu wa boda anayewafikisha watoto shule bila kuwamwaga kwenye matope ya Oktoba. Kwao asante ya kwanza ni malipo ya tarehe ile mliyopatana. Septemba karo hubana, na mshahara wa dada ndio unaoahirishwa kwanza kwa sababu yeye hana ofisi ya kukudai. Ukiuahirisha, usimwambie asante siku hiyo. Itasikika kama kejeli. Mweleze lini utalipa, na ulipe siku hiyo. Koti la mvua kwa mtu wa boda ni shukrani inayoeleweka kuliko hotuba.

Sasa senene. Mwezi wa Novemba kwa Kiganda unaitwa Museenene, kwa jina lao kabisa, na wenzetu wa Bukoba ng'ambo ya mpaka wanawapenda vilevile. Desturi ya zamani ya Buganda ilikuwa mwanamke akimkusanyia mumewe senene, mume humshukuru kwa gomesi mpya, lile vazi refu la wanawake. Ilikuwa biashara nzuri kwa mume, lakini angalau ilikiri kwamba kuwakamata na kuwachambua wadudu hao ni kazi yenye thamani ya nguo. Leo wengi tunawanunua kwa kikombe kutoka kwa wafanyabiashara wanaowatega usiku kwa taa kali, mabati na mapipa, hasa upande wa Masaka. Watoto wasipelekwe kutazama mitego: taa zile huumiza macho, na nyaya zilizolala kwenye nyasi zenye maji si mchezo.

Kuchambua ndiyo jioni bora ya familia katika mwaka, kwa sababu mikono yote ina kazi na hakuna anayeweza kushika simu. Wanunue wakiwa hai au wamekufa muda si mrefu. Gunia lililolaliana usiku kucha hupata joto na kuoza katikati, na harufu yake haifichiki kwa kitunguu. Tandaza gazeti, kila mtu na bakuli lake. Paka majivu kidogo vidoleni wasiteleze. Shika kichwa, ng'oa mabawa manne kwa pamoja, kisha miguu. Ile miwili mikubwa ya nyuma usiiache hata mmoja, ina miba inayokwama kooni. Majike yana mkia mwembamba mgumu mfano wa kisu, nao unatoka. Osha kwa maji safi mara tatu, au mpaka maji yatoke bila majivu, uwachuje vizuri.

Weka kikaango kipana kwenye moto wa wastani, bila mafuta. Mimina senene wasizidi kina cha vidole viwili. Kwanza watatoa maji. Acha yakauke huku unakoroga. Halafu yatatoka mafuta yao wenyewe, na utasikia sauti ikibadilika kutoka kuchemka hadi kukaanga. Hapo ndipo unatia chumvi, kitunguu kilichokatwa na pilipili ukipenda. Endelea mpaka wawe rangi ya dhahabu na wavunjike mdomoni. Wakitoka laini kama waliochemshwa, sababu ni moja kati ya tatu: umefunika kikaango, umejaza kupita kiasi, au umemimina mafuta ya kupikia kabla yao hawajatoa ya kwao. Anayedhurika na kamba wa baharini asionje bila tahadhari, kwa sababu mwili unaweza kuwakataa na senene pia. Na mgeni wa ukoo wa Nsenene usimtengee sahani: huo ni mwiko wake, na kumbembeleza ni kumkosea heshima.

Kabla familia haijaanza kula, toa malimbuko. Kikombe kimoja kwa jjajja (bibi au babu) aliye karibu, kimoja kwa jirani aliyeanua nguo zako siku ile ulikuwa mjini. Maharage mabichi ya kwanza, yale uliyopanda Septemba na yanayoanza kuchumwa mwishoni mwa Novemba, yafuate njia hiyo hiyo. Peleka kabla ya kula. Kilichobaki kwenye sufuria ni makombo, na mpokeaji anajua tofauti kwa kutazama tu. Mtume mtoto, si mtu mzima, na mfundishe sentensi ya kusema mlangoni, yenye kazi ndani yake: "Mama anasema asante kwa kutuanulia nguo Jumanne." Tumia sahani ambayo hutaililia ikikaa huko wiki nzima, maana wenyeji wengi hawapendi kurudisha chombo kitupu na wanaweza kungoja mpaka wapate cha kutia. Ikirudi na mayai mawili ya kienyeji, yapokee kwa mikono miwili na usiyahesabu mbele ya mtoto.