Jibu: Malipo yanaingia mara mbili kazi ya usiku ikirudiwa

Ndugu, umesema timu yako ya watu wanne hapo Malindi hupakia malipo ya hoteli kwenye wingu (kompyuta za kukodi mtandaoni) kila usiku, na intaneti ikikatika mkarudia kazi, malipo huonekana mara mbili. Intaneti ya kasi zaidi haitakuponya. Kazi yenu inaongeza rekodi tu, haiulizi kama zimo tayari.

Pakieni kwanza kwenye jedwali la muda mfupi na mwondoe marudufu humo humo, la sivyo hatua inayofuata inaweza kugoma. Kisha hamishieni jedwali kuu kwa amri ya hifadhidata iitwayo MERGE, kila rekodi ikitambuliwa kwa namba ya muamala: iliyopo isasishwe, isiyokuwepo iingizwe. Sasa rudieni kazi ya jana mara tatu kwa makusudi. Idadi ya rekodi na jumla ya shilingi zisibadilike hata senti. Wewe kiongozi usipitishe kazi yoyote bila jaribio hilo, hata kama ni ya fundi wenu hodari kuliko wote.

Halafu kuna saa, na hapa wengi huteleza. Seva za wingu kwa kawaida hutumia UTC, yaani saa rasmi ya kimataifa, nasi tuko saa 3 mbele. Bili ya baa ya saa 8 usiku wa kuamkia Jumapili itasomeka saa 5 usiku, Jumamosi, na mhasibu atakuja juu. Hifadhini UTC, ila tarehe ya ripoti itoeni kwa Africa/Nairobi, jina la saa zetu kwenye kompyuta.

Zamu za usiku: simu ya aliye zamu ilie kwa kosa linalogusa pesa tu. Mengine yangoje asubuhi.