Mzee wako aanze kwa kumwambia daktari kuwa alikuwa askari

Ndugu, umesema mzee wako amestaafu jeshi, masikio yanamlia, usiku halali, na kila akienda hospitali anarudi na vidonge vya maumivu. Nimesoma nikajiona mwenyewe.

Nilikuwa kikosi cha mizinga. Baada ya kutoka nilizunguka kwa madaktari karibu miaka minne: leo mgongo, kesho kichwa, keshokutwa usingizi, na kila mmoja akatibu kipande chake. Hakuna aliyeuliza kazi niliyofanya, nami sikusema, maana tulifundishwa kuvumilia. Siku muuguzi mmoja aliponiuliza, wiki ileile nikapelekwa kupimwa usikivu.

Mlio wa bunduki ya kivita hupita desibeli 140, kiasi kinachoweza kuharibu sikio kwa risasi moja. Mzinga ndio usiseme. Vinyweleo vya ndani ya sikio vikishakufa havioti tena, kwa hiyo anayemwahidi mzee dawa ya kuponya kabisa anamdanganya. Vifaa vya kusaidia kusikia vipo lakini, na mimi vimenipunguzia hata ule mlio wa masikioni.

Kukosa usingizi msiseme ni uzee. Muulize taratibu, mkiwa wawili, kama anaota vita, kama anashtuka mlango ukibamizwa. Kiwewe cha vita kimo kwenye mwongozo wa magonjwa ya akili wa madaktari wa Marekani tangu 1980, na kina tiba ya mazungumzo, mara nyingi vikao 8 hadi 15 kwa mtaalamu aliyeisomea. Vidonge vya usingizi peke yake havifiki huko. Mimi nilikataa mwaka mzima nikiogopa kuitwa kichaa, na aliyeumia mwaka huo ni mke wangu.

Kuna faili pia. Ombeni nakala ya rekodi zake zote za matibabu ya jeshini, sasa hivi, kabla hazijapotea. Maombi yangu ya kwanza ya matibabu yalikataliwa kwa sababu sikupimwa masikio nilipoachishwa kazi. Yalipita pale wenzangu wawili wa kikosi walipoandika maelezo na kutia sahihi, na daktari akaandika waziwazi kwamba tatizo limetokana na kazi. Barua hiyo ya daktari msiiache.

Akikubali, ingia naye chumbani kwa daktari. Akiulizwa anaumwa nini, aanze na miaka ya jeshini, maumivu yafuate.